Podo au paini? Ubao hutambuliwa hivi

Mti ukiwa umesimama unatambulika kwa jani, ua na gome. Ukishapasuliwa na kupakiwa lorini Dongobesh au Katesh, vyote hivyo havipo tena. Hapo mtaalamu anakata kipande chembamba sana, kama milimita 0.02, anakiweka kwenye hadubini.

Cha kwanza kutazama ni vitundu. Mninga na mkaratusi vina mishipa ya maji inayoonekana hata kwa lenzi ya mkononi ya mara 10. Paini, saiprasi na podo hazina kabisa. Paini sasa inajitenga kwa mifereji yake ya utomvu, ambayo podo haina. Saiprasi nayo haina, ila pete zake za ukuaji ziko wazi kuliko za podo.

Kwa nini tuhangaike? Paini hupandwa shambani, podo ni mti wa asili wa milimani. Mtu akidai mzigo wake ni paini ya shamba, kumbe ni podo iliyokatwa kwenye hifadhi kama Nou, ubao wenyewe unamuumbua. Lakini kujua ni podo ya aina gani, hadubini peke yake mara nyingi haitoshi.

Mwanzi ni rahisi zaidi. Ni jamaa ya nyasi, hauna pete. Mafungu ya mishipa yametawanyika na kusongamana karibu na ganda. Mwanzi wa milimani unaitwa kitaalamu Oldeania alpina, kwa neno la Kimasai ambalo ni jina pia la mlima Oldeani.