Jibu Lililochelewa

Katika likizo ya Juni mwaka 1994 nilikwenda Morogoro kumtembelea dada yangu. Jioni moja nilikuta uani kumejaa watu. Majirani walikuwa wameketi juu ya vigoda na mikeka, redio ya shemeji imewekwa dirishani, na mtoto aliyethubutu kulia aliondolewa upesi. Walikuwa wakimfuatilia Mkwaju, dereva wa lori mwenye mahawara njia nzima, na mkewe Tunu aliyeachwa nyumbani na mzigo wa familia.

Mchezo ulipokwisha hakuna aliyeondoka. Wanawake walimsema Mkwaju kana kwamba anakaa mtaa wa pili. Shemeji yangu, mtu asiyependa kabisa kuzungumzia mambo ya chumbani, alisema mbele yetu sote kwamba mwanamume wa namna ile ataimaliza nyumba yake kwa UKIMWI. Dada alimtazama kwa mshangao.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma, na redio nilikuwa nayo. Nikawauliza, "Mbona kwetu hatuusikii mchezo huu?" Wakanicheka, wakasema labda betri zangu zimekwisha. Niliporudi nyumbani nilifungua redio siku ile ile ya juma na saa ile ile. Nikakuta kipindi kingine kabisa.

Sababu yake nilikuja kuijua baada ya miaka mingi, na habari yenyewe inaanzia mbali. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere. Watoto wale walipopewa nafasi, wengi walifanya kama walivyoona. Kutokana na kazi za namna hiyo Bandura alieleza kuwa binadamu hujifunza mengi kwa kuwatazama wenzake na kuona yanayowapata. Huko Mexico, mtayarishaji wa michezo ya televisheni aitwaye Miguel Sabido aliichukua elimu hiyo na mwaka 1975 akatengeneza mchezo wa kuwavuta watu wazima wajifunze kusoma. Ndani yake aliweka mhusika mwema, mhusika mbaya, na yule anayesitasita katikati, ambaye mtazamaji hujiona ndani yake.

Njia hiyo ilifika India mwaka 1984, na Kenya mwaka 1987 kwa mchezo wa redio ulioitwa Ushikwapo Shikamana. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliohusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI.

Ndugu msomaji, hebu fikiri. Shemeji yangu hakuwahi kulisikia jina la Bandura, wala hakuna mtu aliyekuja pale uani na ubao na chaki. Hata hivyo utafiti wa wataalamu ulimfikia, tena kwa Kiswahili cha mtaani kwake, ukamfungua mdomo mbele ya mkewe.

Waandaaji walitaka pia kujua kama mchezo unafanya kazi kweli. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 eneo lililopata matangazo ya kituo cha Dodoma liliachwa bila mchezo huo, ili lilinganishwe na maeneo yaliyousikia. Kisha nako ukaanza kurushwa. Watu waliulizwa maswali mwaka hadi mwaka, mpaka 1997. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la kitaalamu, kwa Kiingereza. Yalionyesha kuwa mchezo uliongeza matumizi ya uzazi wa mpango, na kwamba uliwafanya wasikilizaji wazungumze na wenzi wao. Ndilo hasa nililoliona Morogoro kwa macho yangu.

Makala hayo nilipewa na mwenzangu aliyekuwa masomoni. Niliyasoma jioni mbili, kamusi mkononi. Nilipofika palipoandikwa Dodoma niliyaweka chini. Mdogo wangu alikuwa utingo wa lori katika miaka ile ile. Aliugua muda mrefu, nasi tukamzika mwaka 1996. Siwezi kusema kwamba mchezo wa redio ungemwokoa, pengine asingeusikiliza. Lakini tangu siku ile swali hilo halijaniacha.

Makala niliyafungia sandukuni, na hili ndilo kosa langu. Katika kijiji chetu sikuwahi kusikia kikao cha kuelezwa habari hizo, na mimi niliyezijua nilinyamaza kwa zaidi ya miaka kumi. Hatimaye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kiliniomba nizungumze Siku ya UKIMWI Duniani. Nilianza na takwimu na majedwali. Baada ya robo saa wawili walikuwa wanasinzia, na mmoja alikuwa anachambua mchicha.

Nikayakunja makaratasi. Nikawaambia, "Mnakumbuka bwana shamba alivyopanda mtama vipande viwili, kimoja akatia samadi na kingine akakiacha, ili ajue kama samadi inasaidia? Basi miaka ile mchezo wa Mkwaju ulikuwa samadi, na sisi tulikuwa kile kipande kilichoachwa."

Hapo wote waliinua vichwa. Bibi mmoja, ambaye naye alizika watoto wawili, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mtama hauna masikio. Sisi mngetuambia."

Nikamweleza kuwa wangetuambia mapema, ulinganisho ungeharibika. Na kwamba bila ulinganisho pengine nchi isingejua kama mchezo unasaidia, na fedha zingekwenda bure. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo nimelielewa," akasema. "Mapema hawakuweza. Na baadaye?"

Sikuwa na la kumjibu. Waandishi wa ule mchezo walijua namna ya kumfikia mtu asiyesoma vitabu: walimpa hadithi, wakampa watu anaowafahamu, wakamwachia nafasi ya kubishana na jirani yake. Ufundi ule ule ungetosha kumrudishia majibu yake mwenyewe. Hata mimi, mwalimu wao, nilikuwa nao mdomoni na sikuutumia.

Wakati wa kuondoka bibi yule aliniomba niyaandike, ili mjukuu wake anayesoma sekondari amsomee polepole. Nilimwahidi. Ndiyo haya.