Mahjabeen na Tuzo za Filmfare



Harusi ikikaribia, hakosi kutokea shangazi mmoja akasema biharusi apambwe "kama kwenye Pakeezah". Tumelizoea jina hilo kama vile ni jina la mshono wa nguo. Nyuma yake yupo mwanamke, na ipo hadithi ya tuzo iliyompandisha mapema ikamwacha mkono mwishoni.

Tuzo zenyewe ni za Filmfare, jarida la filamu lililoanza Bombay mwaka 1952. Sherehe ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Machi 1954, kwenye sinema ya Metro. Wakati huo ziliitwa Clares, kwa jina la Clare Mendonca, mwanamke aliyekuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la Times of India. Zilikuwa 5 tu. Filamu bora ilikuwa Do Bigha Zamin, na mwongozaji wake, Bimal Roy, akapata ya uongozaji. Tatu zilizobaki zilikwenda kwa watoto wa nyumba za Kiislamu: Naushad Ali kwa muziki, Dilip Kumar, ambaye wazazi wake walimwita Muhammad Yusuf Khan, na Meena Kumari.

Huyu Meena ndiye Mahjabeen Bano. Mahjabeen ni mwenye paji la uso kama mwezi, jina zuri hilo kwa wanaotarajia mtoto wa kike! Alizaliwa 1933, akaingizwa kazini angali mtoto mdogo, na mwongozaji Vijay Bhatt ndiye aliyemwita Meena. Bhatt huyo huyo akaja kumpa Baiju Bawra, filamu iliyomletea tuzo akiwa na miaka 20. Mwaka uliofuata akachukua tena, kwa Parineeta.

Waimbaji hawakuwa na tuzo kabisa mwanzoni. Lata Mangeshkar alipotakiwa aje kuimba kwenye sherehe alikataa: kama hamna tuzo ya mwimbaji, basi na sauti yangu hamuipati. Ilipofika 1959 tuzo hiyo ikawekwa, na wa kwanza kuipata akawa yeye. Mimi napenda sana kisa hiki. Hakugombana na mtu, alibaki na sauti yake tu mpaka wakamwelewa.

Turudi kwa Meena. Mwaka 1963 walipotangazwa wanaowania tuzo ya mwigizaji bora wa kike, majina yalikuwa matatu na yote lake: Aarti, Main Chup Rahungi, na Sahib Bibi Aur Ghulam, iliyoshinda. Alikuwa akishindana na nafsi yake. Ya nne aliipata 1966, kwa Kaajal.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Aliolewa kwa siri mwaka 1952 na mwongozaji Kamal Amrohi, wakaja kutengana mwaka 1964. Pakeezah ilikuwa kazi yao wawili. Walianza kuipanga ndoa ikiwa bado changa, ikasimama miaka mingi, na mwisho Meena akarudi kuimalizia akiwa mgonjwa. Zile nguo tunazozitamani zilivaliwa na mwanamke ambaye afya ilikuwa imeshamtupa. Filamu ilitoka Februari 1972. Tarehe 31 Machi akafariki, miaka 38 tu. Allah amrehemu.

Sherehe iliyofuata jina lake lilikuwamo, lakini tuzo akapewa Hema Malini kwa Seeta Aur Geeta. Ghulam Mohammed, aliyetunga muziki wa Pakeezah, alikuwa ameshafariki tangu 1968, na yeye pia akapitwa. Tuzo ya muziki ikapewa filamu ya Be-Imaan. Pran, mzee wa kuigiza majambazi, alishinda siku hiyo kwa Be-Imaan hiyo hiyo. Alisema muziki uliostahili ni wa Ghulam Mohammed, na tuzo yake akakataa kuipokea.