Mchanga wa Kitui na Makueni na kemia ya silikoni

MCHANGA unaochotwa katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni kwenda kujenga Nairobi una madini mengi ya silika, yaani elementi ya silikoni iliyoshikamana na oksijeni. Mshikamano huo ni imara mno; kuuvunja huhitaji makaa na tanuru ya umeme yenye joto la karibu nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Silikoni ipatikanayo hukutanishwa na kloridi ya methili penye shaba, njia aliyoigundua Eugene Rochow wa Marekani mwaka 1940, na Richard Müller wa Ujerumani kivyake. Ndipo hupatikana kampaundi ambamo silikoni imeungana na kaboni, muungano usioonekana katika viumbe vya asili. Humo hutoka mpira wa kuzibia madirisha na ule wanaotumia madaktari wa meno kuchukua umbo la taya.

Viwanda hivyo hutaka mawe safi ya silika, si mchanga wa mtoni uliochanganyika na madini mengine. Kwa Wakamba thamani yake ni maji: nafasi zilizo kati ya chembe huhifadhi mvua isikaushwe na jua, na mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa Kitui kwa sababu hiyo. Mchanga ukiisha, akina mama hutembea mbali zaidi kutafuta kisima, hasara isiyopimika kwa bei ya lori. Makueni ilipitisha sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015.