Wazee wetu hawajazoea vita

Mazungumzo ya leo ni juu ya wazee.

Kuna neno linalosemwa sana hapa kwetu Kivu. Watu wakipanga nani asaidiwe kwanza, wanataja watoto, kiisha akina mama wenye mimba, kiisha wagonjwa. Mtu akitaja wazee, mwingine anajibu: "Aa, wale wamezoea. Wameona vita vingi." Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo, nikiwa katika kamati, mbele ya mama mzee ambaye habari yake nitaieleza mbele kidogo. Kwanza tulipime kwa historia.

Hesabuni pamoja nami umri wa mtu wa Bukavu aliyezaliwa mwaka 1945. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulimkuta na miaka 14 au 15. Mwaka 1964 uasi wa Wasimba uliteketeza mashariki. Uvira ulianguka mwezi wa tano, na mwezi wa nane wapiganaji walifika Bukavu penyewe, wakarudishwa nyuma. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji tangu Agosti mpaka Novemba. Kiisha ikaja miaka ya Zaire: aliolewa, alizaa, alilima, alizika wazazi. Julai 1994 aliona mamia ya maelfu ya watu wakivuka kutoka Rwanda. Oktoba 1996 vita viliingia mjini, na tarehe 29 ya mwezi ule Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa. Mwaka 1998 vita vilianza tena. Juni 2004 wanajeshi walioasi waliushika mji siku chache tu, lakini akina mama wa Bukavu hawajazisahau siku hizo. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka. Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia Bukavu, na mtu wetu alikuwa amefikia miaka 80, au alikuwa anakaribia.

Wenzetu wa Masisi na Goma wana hesabu yao, nayo si nyepesi: 1993, kolera ya 1994, moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, Novemba 2012, Januari 2025.

Je, mtu aliyepita njia hiyo amezoea? Swali hili limekwisha kuulizwa mbali na sisi, juu ya watu wengine, na likachunguzwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana nawaomba tutoke Kivu kwa muda kidogo.

Mwaka 1945, vita vya Hitler vilipokwisha, Wayahudi wapata milioni sita walikuwa wameuawa. Waliookoka walitawanyika, wengi walikwenda Israeli, Marekani na Kanada. Sisemi kwamba mateso yao na yetu ni mamoja. Mateso hayapimwi kwa kilo. Nasema tu kwamba wao wamezeeka mbele ya macho ya waganga, nasi tunaweza kujifunza kwao.

Mwanzoni hakuna aliyetaka kuwasikiliza. Ujerumani ilipoweka sheria ya kuwalipa fidia, katika miaka ya 1950, waganga wengi waliowapima waliandika kwamba hofu yao na kukosa usingizi si matunda ya kambi. Eti walizaliwa hivyo. Mganga mmoja wa New York, William Niederland, aliyekimbia Ujerumani yeye mwenyewe, alipinga. Alipima watu wengi, na katika miaka ya 1960 akaueleza ugonjwa wa waliookoka: ndoto mbaya, huzuni isiyoisha, kushtuka, na aibu ya kubaki hai wakati ndugu wamekufa. Huko Norway, Leo Eitinger, mganga aliyepita Auschwitz, aliandika mambo yanayofanana na hayo mwaka 1964. Basi ikachukua mpaka mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani wakubali kuandika jeraha la namna hii katika kitabu chao kikubwa cha magonjwa.

Watu wale hawakukaa kulia tu. Walijenga nyumba, walilea watoto, walifanya biashara. Lakini walipozeeka, kazi ilipokwisha, mume au mke alipokufa, mwili ulipolegea, mambo ya zamani yalirudi. Katika nyumba za wazee wauguzi walishangaa. Huyu anaficha mkate chini ya mto. Yule anakataa kuoga kwa maji ya bomba la juu. Mwingine anatetemeka akiona mtu aliyevaa sare, au akiambiwa avue nguo, au akiwekwa katika mstari. Walidhani ni ukaidi, au akili imechoka. Baadaye walielewa: nyumba ile, bila kukusudia, ilikuwa inamrudisha mzee kambini. Ndipo wauguzi, kama wale wa Baycrest kule Toronto, wakaanza kufundishana namna nyingine ya kuhudumia: kujua kwanza mtu alipitia nini, kumweleza kila jambo kabla ya kulifanya, kumwachia achague.

Sasa lile neno "wamezoea". Januari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, Iraki ilirusha makombora juu ya Israeli. Watu walijifungia katika vyumba vilivyozibwa, wamevaa vinyago vya kuzuia sumu. Wachunguzi wawili, Zahava Solomon na Edward Prager, waliwalinganisha wazee waliookoka mauaji ya Hitler na wazee wengine wasiopita huko. Kama mtu huzoea, wale wa kwanza wangekuwa watulivu kuliko wenzao. Ilikuwa kinyume. Wao ndio walioona hatari kubwa zaidi, na ndio walioteseka zaidi moyoni. Majibu hayo yalichapwa mwaka 1992. Jeraha la kwanza halikuwa chanjo.

Turudi nyumbani.

Mama niliyemtaja alifika katika shule moja ambako watu waliokimbia walilazwa madarasani. Alikuwa na mjukuu mmoja. Jioni akakataa kuingia darasani. Usiku wa kwanza alikaa nje chini ya mvua, wa pili vilevile, na kila mlango ulipofungwa kwa komeo alipiga kelele. Tukamwita kwa kipaza sauti aje apokee jetoni ya unga, hakuja. Kijana wa ulinzi akamvuta mkono ili ampange katika mstari, naye akamng'ata. Siku ya tatu watu wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Ninyi machefu mnajua neno hilo linaweza kumfikisha wapi mama mzee katika vijiji vyetu. Mimi nikasema: "Mwacheni, wazee hawa wamezoea taabu." Nikadhani nimemtetea.

Aliyemsaidia si kamati. Ni mama jirani, muuza sombe, asiyesoma kitabu chochote cha waganga. Aliketi karibu naye, akamletea chai, hakumwuliza ulipatwa na nini. Alimwuliza: "Mama, tufanye nini ili usiogope?" Yule akajibu neno moja: mlango.

Habari yenyewe ilikuja polepole, siku nyingi baadaye, na nusu yake sikuisikia. Mwaka 1964 alifungiwa ndani ya nyumba pamoja na wengine, komeo likawekwa kwa nje. Usiku jirani alikuja akalifungua. Jirani huyo hakuwa wa kabila lake. Nalitaja kwa sababu vijana wanaoketi na wazee jioni mara nyingi huchukua nusu ya masimulizi, jina la aliyefunga, wakaenda nalo kwa wenye bunduki. Chefu anayeketi na mzee asiharakishe. Aache simulizi lifike mpaka kwa aliyefungua. Lakini asilazimishe. Mzee asiyetaka kusema ana haki ya kunyamaza.

Mnaniuliza: hatuna waganga wa akili, tutafanya nini? Kweli ni wachache. Lakini mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu cha huduma ya kwanza kwa mtu aliyepatwa na msiba mkubwa, na kazi inayotajwa mle inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye busara: kuangalia, kusikiliza, kumuunganisha mtu na msaada. Kwa wazee wetu hiyo ni kusema siku moja mbele kwamba kesho kutakuwa na kuandika majina, na majina hayo ni ya kazi gani. Mtu aliyeona vita vingi anaogopa orodha. Ni kuweka benchi. Ni kumwachia mzee amchague yeye mwenyewe wa kumpokelea jetoni. Ni kutomshika bila kumwomba, hasa mama, hasa na mwanaume. Na kama mzee halali majuma mengi, hali chakula, au anasema afadhali afe, apelekwe kituo cha afya upesi, wala si kwa mwombezi peke yake.

Mengine sitayaeleza leo, maana wakati umekwisha. Yule mama tulimtandikia mkeka karibu na mlango, tukang'oa komeo, na kijana wa ulinzi akaja kumwomba radhi. Usiku ule hakulala, alikuwa akiujaribu mlango kwa mkono. Usiku wa nne mjukuu wake alituambia asubuhi kwamba bibi amekoroma.