Simba wa Sega na Uwanda Usio na Watu

Katikati ya miaka ya 1990 palikuwa na kibanda kimoja hapa Mwanza, si mbali na ziwa, ambamo sisi watoto tulilipa sarafu ili tucheze gemu ya Sega. Tuliyoigombania zaidi ni The Lion King, iliyotengenezwa na Westwood Studios mwaka 1994 kutokana na filamu ya Disney ya mwaka huohuo. Juzi nimeicheza tena na mwanangu.

Kasoro zake nilizikuta palepale. Hatua ya kwanza ni nyepesi. Ya pili, yenye nyani wanaomrusha Simba huku na huko, ni ukuta. Watengenezaji walikuja kueleza kwamba ugumu ule ulikusudiwa: aliyeikodi gemu kwa siku chache asiimalize, ainunue. Sisi tusioweza kuinunua tuliendelea kulipa sarafu.

Lakini mandhari yake! Jua linalozama, makaburi ya tembo, nyumbu wanaotimka wakimjia mchezaji usoni. Na majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Utotoni niliamini kwamba ile ndiyo Serengeti, hifadhi ambayo sehemu yake ya magharibi hukaribia Ghuba ya Speke, na ambayo basi la Musoma hupita kwenye lango lake la Ndabaka.

Safari hii nimeona kisichokuwamo: mtu. Hakuna boma, ng'ombe wala moshi wa jikoni. Gemu imeirithi picha hiyo kutoka kwenye filamu, na filamu haikuwa ya kwanza. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka yake ilichorwa upya, Wamaasai wakahamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa filamu yake kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar na kuizoeza Ulaya kuiona nchi hii kuwa mali ya wanyama peke yao.

Huku magharibi, Waikoma, Wanata na Waikizu wanasimulia jambo jingine. Masimulizi yao yametaja vilima na vijito vilivyomo hifadhini leo, mahali ambapo mababu waliishi, wakawinda na kutambika. Mjukuu wao akiingia huko leo na upinde, sheria humwita jangili.

Mwanangu bado amekwama kwa nyani. Likizo ijayo tutapanda basi la Musoma, nimwonyeshe Lamadi na mashamba yake kabla hatujafika langoni.