Chapa

Chapa ni neno lililotoka Kihindi, na maana yake ya msingi ni alama inayobaki kitu kikigandamizwa juu ya kingine. Ng'ombe hupigwa chapa kwa chuma cha moto. Kitabu kikitolewa tena huandikwa "chapa ya pili", na Tanzania ina Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Maana hiyo ya msingi huonekana wazi katika vyuo vya sanaa. Mjini Brussels, chuo cha La Cambre, alichoanzisha Henry van de Velde, kina idara ya picha za chapa. Katika fani hiyo mwanafunzi akichonga kipande cha lino (linoleamu), palipochongwa hapashiki wino na hubaki peupe karatasini. Picha hutoka kinyume, kwa hiyo herufi huchongwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Bamba la shaba hufanya kazi kwa namna nyingine: hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, kisha huzamishwa katika tindikali ili mistari iliwe. Wino hukaa ndani ya mistari hiyo, na mashine huukamua ukahamia kwenye karatasi iliyoloweshwa. Chini ya picha huandikwa kwa penseli, kwa mfano, 3/20: nakala ya tatu kati ya ishirini.

Kutokana na chapa yamezaliwa maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Uchapaji ni kazi ya wino na mashine. Uchapishaji ni kuandaa na kutoa maandishi kwa umma. Mwanafunzi wa picha za chapa ni mchapaji.