Sokwe mtu na tegu: Yupi aliyeendelea zaidi?

SOKWE mtu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Pan troglodytes, ni miongoni mwa wanyama walio karibu zaidi na binadamu kinasaba. Tegu ni mnyoo bapa anayeishi ndani ya utumbo wa mwenyeji wake. Mtu akiulizwa ni yupi kati yao aliyeendelea zaidi, atamtaja sokwe mtu bila kusita.

Hata hivyo, elimu ya mageuko ya viumbe haikubaliani na jibu hilo. Wote wawili wametokana na chimbuko moja la kale sana, na tangu watengane wamekuwa wakibadilika kwa muda ulio sawa.

Ni kweli tegu hana mdomo wala tumbo. Chakula hukifyonza kwa ngozi. Lakini huko si kubaki nyuma. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa tegu wamepoteza uwezo wa kujitengenezea mafuta ya mwili, kwa kuwa huyapata kwa mwenyeji yakiwa tayari. Mgeni anayepakuliwa kila siku, jiko la nini?

Tofauti kubwa zaidi imo katika uzazi. Sokwe mtu jike hubeba mimba kwa takriban miezi minane, huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na huweza kukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa tena. Tegu wa ng'ombe, ambaye huweza kupita urefu wa mita tano, ana pingili zipatazo elfu moja au zaidi, kila moja ikiwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Pingili moja iliyokomaa hubeba makumi ya maelfu ya mayai. Mengi hupotea, na tegu halei hata mmoja.

Viumbe hawa pia hukutana. Katika msitu wa Kibale, Uganda, sokwe mtu wameonekana kumeza majani yenye ukakasi bila kuyatafuna, na vipande vya tegu vimepatikana katika kinyesi pamoja na majani hayo yakiwa mazima. Huko Mahale, Tanzania, mwaka 1987 jike mgonjwa alionekana akitafuna kiini cha mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, nao huutumia kama dawa.

Leo sokwe mtu yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwani uzazi wake wa polepole haufidii upotevu wa misitu na uwindaji. Tegu hana hofu hiyo. Mayai ya tegu wa nguruwe, yatokayo katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, yakimezwa huweza kuzaa vifuko katika ubongo na kusababisha kifafa, hata kwa mtu asiyekula nyama ya nguruwe kamwe.